Balatum ya Koko Sara

Papa Eugène alipofariki mwaka jana, nililia siku moja, na siku mbili zilizobaki niliangalia sakafu. Sisemi hivi kwa kujivunia. Yeyote aliyewahi kukaa matanga hapa Kisangani anajua mambo yalivyo. Mtu akifa, makochi, meza, televisheni na hata kabati la vyombo hutolewa nje, sebule inabaki tupu, na sisi wanawake tunaingia kuketi chini, migongo ukutani, miguu tumeinyoosha. Tunakaa hivyo siku tatu. Huwezi kumkodolea mfiwa macho siku tatu, na dari nayo haina cha kutazama. Kwa hiyo unatazama chini.

Kwa Yolande, binti wa marehemu na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa komini ya Tshopo, chini kulikuwa na balatum, ule mkeka wa plastiki wa kufunika sakafu. Mpya kabisa, ya maua ya buluu, imetandikwa kutoka ukuta huu hadi ule bila kiraka, bado inanuka duka. Wanawake walifika wakipiga mayowe, wakanyamaza mlangoni ili wavue viatu, wakayapapasa maua kwa vidole vya miguu, kisha wakaendelea kulia pale walipoachia. "Yolande amemuheshimu papa yake," mama mmoja alininong'oneza. Papa Eugène alivua samaki kwenye maporomoko ya Wagenia miaka hamsini, alilea watoto tisa, aliimba besi kanisani kila Jumapili, na nilichosikia juu yake siku zote tatu ni kwamba balatum yake ilikuwa nzuri. Nami niliitikia kwa kichwa kama wengine.

Niliporudi kwangu nilisimama mlangoni nikaitazama sakafu yangu. Saruji tupu. Ufa mmoja unaanzia mlangoni na kupotelea chini ya kabati. Mguu wa kochi umejichimbia shimo. Na kule kwenye kona kuna doa la mafuta ya mawese ambalo nimelisugua tangu niolewe. Mimi, Kadidja, muuza vitenge katika soko kuu la Makiso, ninayewavalisha nusu ya wanawake wa mji huu siku za sherehe zao, nilikuwa na sakafu ya gereji! Na nyuma ya pazia, katika chumba cha pili, alikuwa amelala mama mkwe wangu, Koko Sara (koko kwetu ni bibi), mwenye miaka themanini na kitu, na kifua kilichombana tangu mvua za mwezi wa tisa.

Mmeshaelewa nilichokifikiria. Wala msinitolee macho, kwa maana hakuna mke katika mtaa wetu ambaye angefikiria kitu kingine.

Jambo lenyewe nilimweleza mume wangu, Mahmoudi, kwa lugha ya heshima. Mahmoudi ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, kwa sababu maisha yake yote amekuwa na pini mdomoni. Nilimwambia kwamba sebule inahitaji balatum, maana siku moja tunaweza kupata wageni wengi. Alinitazama, akatazama pazia, akasema, "Wageni. Ndiyo." Basi kuanzia hapo, katika nyumba yetu, kifo cha mama yake kikaitwa wageni.

Lakini mke hachagui sakafu ya sebule ya ukoo peke yake, hilo nalo lina wenyewe. Ilibidi aje kaka yake mkubwa, aitwaye Waziri. Shemeji yangu huyu anafanya kazi katika ofisi moja huko Makiso, na hakuna anayejua anafanya nini humo, ila viatu vyake vinang'aa mwaka mzima. Sisi ni familia ya Waislamu wa zamani wa mji huu, wale waliokuja na wafanyabiashara enzi za mababu, na Waziri hawezi kumaliza sahani ya wali bila kukukumbusha. Babu alikuja na msafara. Babu alivaa kanzu ya hariri. Asichokisema Waziri hata mara moja ni kwamba yeye na mdogo wake walilelewa kwa chai. Koko Sara aliuza chai bandarini miaka thelathini, kwa abiria waliokuwa wakingoja mashua za kwenda Isangi, na birika lake la buluu liliwasomesha wote wawili. Mbele za watu Waziri huliita jambo hilo "komersi ya Mama".

Waziri alikuja, akaketi kwenye kochi lililochimba shimo, akatoa simu. Jeancy, muuza balatum, alikuwa ametutumia picha kwa WhatsApp, na tukaanza kubishana. Waziri alitaka ile inayoiga marumaru.

"Bokilo," aliniambia, ndivyo anavyoniita mimi shemeji yake, "wageni wakiingia, waone ni nyumba ya watu wakubwa. Donc, marbre. Nyeupe, na mishipa ya kijivu."

Mahmoudi alitaka ile inayoiga mbao, kwa sababu haionyeshi uchafu. Mimi nilitaka mawaridi mekundu, na sababu yangu naitaja wazi: Yolande alikuwa na maua ya buluu, madogo. Mawaridi yangu yalikuwa makubwa kama sahani.

"Alors, wageni watakuwa kama mia," akasema Waziri.

"Wengine watatoka Isangi," nikasema. "Watalala hapahapa."

"Wageni ya nani?"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Mahmoudi alianza kutafuta pini ambayo haikuwapo.

"Wageni tu, Mama," akasema Waziri. "Wageni ya famille."

"Miye niko kitandani, haiko kaburini. Masikio iko inasikia." Pazia likafunguka, akatokea Koko Sara na fimbo yake, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. "Kama wageni ni ya miye, balatum nachagua miye. Kesho Kadidja ananipeleka."

Waziri aliirudisha simu mfukoni.

Kwa hiyo kesho yake nilimpandisha pikipiki ya kukodi, nikapanda nyuma yake nikimshika kiuno, tukaenda Makiso mwendo wa pole pole kama watu waliobeba mayai. Duka la Jeancy ni chumba kirefu, balatum zimesimamishwa ukutani zikiwa zimeviringishwa, unachagua, yeye anakata kwa mita. Jeancy ni kijana mwenye adabu na maneno mengi.

"Koko, simama hapa kwa mwangaza," akasema. "Nafungua moja moja. Watu wote wanachaguaka wakisimama."

"Ile siku hakuna mutu atasimama," akajibu Koko Sara. "Fungua chini. Naikala."

Nilitamani ardhi ipasuke. Duka lilikuwa na wateja! Lakini yeye alivua kandambili, akanipa fimbo, akaketi katikati ya balatum ya marumaru ya Waziri, mgongo kwenye magunia, miguu ameinyoosha. Alikaa hapo, ameinamisha kichwa kama mfiwa, muda wa kutosha kupika yai.

"Hii ni ya hôtel," akasema mwishowe. "Kwa hôtel watu hawaliaka. Toa."

Jeancy akafungua ile ya mbao. Koko Sara aliketi juu yake dakika moja tu.

"Mbao kama ya sanduku. Sisi Waislamu hawatuzikaka na sanduku, na Mahmoudi anataka kuniwekea sanduku chini? Toa."

Yakaja mawaridi. Nilisogea karibu, maana yalikuwa mazuri kuliko kwenye picha, mekundu ya kukolea, na majani yake yana kivuli. Koko Sara aliketi katikati ya waridi moja, akalizunguka kwa kidole.

"Hii ni ya bibi arusi," akasema. "Wanawake wataangalia hii, watawaza ndoa zao. Watalia juu ya bwana zao. Miye watanisahau."

"Mama, hawatakusahau," nikasema.

"Kwa Eugène ulimukumbuka?"

Jeancy alijifanya anatafuta wembe.

Hapo ndipo alipoiona. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya mlango pamoja na vipande vya jikoni: miraba myeupe, na katika kila mraba birika la buluu, kikombe, na vipande viwili vya limau. Alimwonyesha Jeancy kwa kidevu. Jeancy aliifungua, na Koko Sara akaketi. Safari hii hakuinamisha kichwa. Alikaa tu, akalipapasa birika moja, kisha la pili yake, na nilimwona akitabasamu kama msichana. Tangu kifua kimbane sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo.

"Hii," akasema.

"Mama, ile ni ya cuisine!"

"Na miye maisha yangu yote nilikuwa wapi? Si kwa birika?" Akanyoosha mkono ili nimwinue. "Tena, kama mukichelewesha chai, wanawake wataona ya chini, watangoja bila kusema mubaya."

Jeancy alicheka hadi akakaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naziona sura za wanawake wa mtaa, wamezunguka sebule yangu siku tatu juu ya mabirika na malimau, na Yolande katikati yao akiuma mdomo ili asicheke. Nilimwambia Jeancy atupe nafasi, tutarudi kupima.

Jioni Waziri alikuja kupata habari, na alipozipata akashika kichwa.

"Birika? Mujukuu wa mutu alikuja na msafara? Watu ya mosquée watatoka kule, wataingia, wataikala juu ya birika?"

Niwaambieni kwamba Waziri hajawahi kuketi sebuleni katika matanga yoyote. Wanaume hukaa nje, chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi, wakizungumzia siasa. Lakini nilimuunga mkono kwa nguvu zangu zote.

"Mama amechagua," akasema Mahmoudi.

"Amechagua," nikasema mimi. "Mais ile siku yeye hataona. Sisi ndio tutaona."

Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida ni ya sokoni. Nyuma ya pazia Koko Sara alikohoa kidogo. Mahmoudi aliinuka akaenda kukata suti ya mtu. Siku ya pili nilirudi kwa Jeancy peke yangu nikamwambia anikatie mawaridi. Aliniuliza kuhusu mabirika ya Koko, nikamwambia Koko amebadilisha mawazo. Akaifungia balatum kwa kamba, akaipakia kwenye toleka, ile baiskeli ya abiria, imelala ubavu kama ngalawa, ikawa inafagia barabara nzima kutoka Makiso hadi kwetu, watu wakiruka mitaroni na kumtukana dereva. Mimi nilifuata nyuma na pikipiki, nimenyoosha shingo.

Tuliitandika Jumamosi asubuhi. Kwanza makochi yalitoka nje, kisha meza, televisheni, kabati, vyombo, yote yakapangwa uani mbele ya nyumba. Waziri alisimamia. Balatum tuliianika juani ili ijinyooshe, halafu Mahmoudi akapima ukuta kwa utepe wake wa kushonea, akachora kwa chaki, akakata kwa mkasi wa kitambaa, akipinda kila kona kama anatengeneza kola. Kwa kweli ilikaa vizuri mno. Ule ufa ulizikwa, doa la mawese likazikwa, na sebule yangu ikawaka kama ya mwanasiasa.

Koko Sara alitokea pazia limemshika begani. Aliyagusa mawaridi kwa ncha ya fimbo.

"Ile haiko ya miye," akasema.

Mahmoudi aliinamia chaki yake. Waziri aligundua kwamba simu yake inahitaji kutazamwa. Wakaniachia mimi.

"Mama, ile ya birika iliisha dukani."

"Iliisha?"

"Iliisha, Mama. Kabisa."

Alinitazama, akarudi ndani, akashusha pazia. Niliona aibu, nakiri, lakini ilikuwa aibu ndogo, na mawaridi yalikuwa makubwa. Nilijiambia nitamnunulia kanga. Kisha nikaona kwamba mlangoni balatum imeinuka kidogo na inahitaji ule ukanda wa bati wa kuibana, nikapanda pikipiki kwenda Makiso kuutafuta. Mahmoudi aliondoka kupeleka suti iliyokuwa inangojwa na bwana arusi. Waziri akasema amechoka, anaenda kula kitu, ingawa hakuwa amebeba hata kijiko. Tukaacha mlango wazi ili ile harufu itoke, na vyombo vyote nje.

Na ni hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Sote watatu tumezaliwa katika mji huu, sote tunajua maana ya makochi yaliyotolewa nje ya nyumba yenye mgonjwa mzee, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Wa kwanza kuona alikuwa Yolande. Alikuwa anaanika nguo, akachungulia juu ya ukuta, akaona makochi, akaona kabati, akaona mlango wazi. Aliachia mayowe yaliyosikika hadi kwenye bwawa la umeme. Akaingia mbio, akapita sebuleni, akainua pazia. Kitanda kilikuwa kitupu, blanketi limekunjwa. Yolande ni Mkristo, na kuhusu sisi anajua jambo moja kwa hakika, nalo ni kwamba Waislamu wanazika haraka. "Wamekwisha mupeleka!" akalia. "Hata hatukumuaga!" Akafungua nywele, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi chini. Katika muda wa saa moja sebule ilikuwa imejaa.

Waziri alirudi akakuta turubai linafungwa uani. Badala ya kuuliza nani amekufa na nani amemwona, aliwaza kwamba Mahmoudi amekuja na wazee wa msikiti wakamchukua mama yao, na yeye, kifungua mimba, alikuwa mgahawani na mguu wa kuku mkononi. Angeuliza, angejiaibisha. Kwa hiyo alifuta mdomo, akasimama karibu na kabati la vyombo, akaanza kupokea mikono ya rambirambi. Alijaribu kumpigia Mahmoudi, lakini sisi tunaoishi pembeni ya bwawa la umeme ndio simu zetu hufa kwa kukosa umeme, na ya Mahmoudi ilikuwa imekufa tangu jana.

Mimi nilifika na ukanda wangu wa bati, nikakuta njia imezibwa, vijana wanapanga viti vya plastiki, na Yolande ananikimbilia na nywele zimetapakaa.

"Kadidja eeh! Mama ametuacha!"

Mtaniuliza, wewe uliyetoa makochi kwa mikono yako, uliyejua kwa nini yako nje, ulidanganyikaje? Sijui. Kilio kina nguvu zake. Watu hamsini wakilia nyumbani kwako, huanzi kuwabishia. Niliingia ndani, na Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mawaridi yamependeza. Wanawake walikuwa wameketi kuyazunguka, viatu mlangoni, na mmoja alikuwa anamnong'oneza mwenzake huku anapapasa jani. Nikasikia fahari, kifuani hapa, muda wa hatua tatu. Kisha nikainua pazia.

Kitanda kitupu. Blanketi limekunjwa vile anavyolikunja yeye, mara nne. Fimbo haipo, kandambili hazipo. Ningepaswa kujiuliza maiti anakwenda wapi na kandambili, lakini sikujiuliza. Nilichokiona ni kwamba maneno ya mwisho niliyomwambia yule mama, aliyenipokea katika nyumba hii nikiwa na miaka kumi na tisa, aliyenifundisha kupika, aliyenishikia watoto, yalikuwa uongo. Kabisa, nilimwambia. Iliisha kabisa.

Nilianguka sebuleni, juu ya waridi la katikati, na sikulia kile kilio cha matanga chenye mwanzo na mwisho. Nililia ovyo.

"Mama, nilikudanganya! Birika haikuisha! Iko nyingi kwa Jeancy! Uliniomba kitu kimoja, nikakuwekea maua juu ya hawa wanawake! Juu ya Yolande! Mama, nisamehe, natoa yote, nang'oa yote leo!"

Na nikaanza kuing'oa kwelikweli, kwa kucha, pale mlangoni ilipoinuka. Wanawake walinishika mikono. "Birika gani?" mmoja akauliza. "Ni huzuni," mwingine akamjibu, "mwachie aseme." Yolande alinikumbatia na kulia pamoja nami, ingawa nilikuwa nimetoka tu kumtaja kwa ubaya, na uani sauti ya Waziri ikasikika ikiwahutubia wanaume.

"Mama yetu aliolewa na mutoto ya mutu alikuja hapa na msafara, mutu mukubwa, mwenye kanzu ya hariri..."

Kengele ya baiskeli ikalia barabarani. Ikalia tena, kwa hasira, maana viti vilikuwa vimeziba njia. Toleka ikapenya kati ya makochi yetu na ikasimama mbele ya kabati. Nyuma yake, ameketi upande, kandambili miguuni, fimbo mkononi na kitu kilichoviringishwa kimebanwa kwapani, alikuwa Koko Sara.

Uani wanaume waliinuka vitini. Halafu watu wakakimbia. Mzee mmoja alipita juu ya meza yangu ya chai kama kijana. Waziri alimwona mama yake akiteremka, akamtazama usoni, na kwa sababu ni Waziri, alimalizia sentensi kwanza: "...ya hariri kutoka Zanzibar." Ndipo akakaa chini palepale alipokuwa.

Koko Sara hakuwajali. Alitazama turubai, akatazama viti, akatazama viatu vilivyorundikana mlangoni. Alielewa upesi kuliko sisi sote. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja na zile nyingine, akaingia.

Wanawake walijibana ukutani. Wengine walikuwa wanasali, kila mmoja kwa dini yake. Yeye alipita katikati ya mawaridi hadi mahali pake pale chini ya dirisha, ambapo huwa tunamwekea kiti, akakifungua kile kitu chake. Kilikuwa kipande cha mita moja, miraba myeupe, mabirika ya buluu. Akakitandaza juu ya waridi langu, akaketi, akanyoosha miguu.

"Nilikwenda kwa Jeancy," akasema. "Anasema iko nyingi. Hii kipande alinipa bure." Akageuza kichwa hadi akanipata pale chini, kitambaa kimenitoka, kucha zimevunjika. "Kadidja."

"Mama."

"Ulisema ile siku sitaona. Bon. Naona."

Koko Sara aliwazungushia wanawake macho, mmoja mmoja, kama anayewahesabu abiria wa mashua.

"Mulikuwa munasema nini juu yangu?"

Walikuwa wakizungumza juu ya balatum tangu saa tano, mimi najua, nawafahamu, na wao walijua kwamba ninajua. Mmoja alikohoa. Mwishowe Yolande ndiye aliyejibu.

"Koko, sisi tulilia tu. Mais Kadidja alilia sana. Hata alikuwa anang'oa balatum."

"Kweli?"

"Kweli, Koko. Na kucha."

Akanigeukia tena.

"Ulilia kwa sababu ya miye, ao ya balatum?"

Wanawake thelathini walinigeukia. Ningeweza kudanganya tena, nina uzoefu. Lakini nilikuwa nimechoka, na pua inanitiririka, na nilimpenda yule mama kwa namna ambayo sikuwa nimeijua hadi nilipoona blanketi limekunjwa mara nne.

"Zote mbili, Mama," nikasema.

Koko Sara alicheka. Alicheka hadi kifua kikamshika akakohoa, na Yolande akampiga piga mgongoni, na wanawake wengine nao wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine, huku bado machozi yanawatoka.

"Bon," akasema alipopata pumzi. "Watu wamefika. Chai iko wapi?"

Nikaenda jikoni. Birika lake la zamani bado lipo, juu ya rafu, limebabuka rangi. Nilichemsha maji, nikatia majani na tangawizi, nikaomba vikombe kwa Yolande kwa kuwa vyangu vilikuwa uani katikati ya wanaume. Niliwapitishia wote, nikaanza na yeye. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akakiweka chini juu ya kikombe kilichochorwa, akakisogeza hadi kikalingana nacho.

Mahmoudi alifika wakati huo kutoka kwa bwana arusi, akasimama mlangoni na mkasi mkononi, akitazama turubai, wanawake, mkewe mwenye macho mekundu na mama yake aliyeketi sakafuni. Alivua viatu akaingia, akapiga magoti kando ya mama yake, akaanza kuipima ile mita moja kwa utepe wake, aone jinsi ya kuiunga ndani ya mawaridi.

Koko Sara alisogea kidogo ili apite. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Kadidja, hii iko na sukari kidogo," akasema. "Ile siku, muongeze."

Nilimwambia tutaongeza.